Kozi ya wiki sita kwa simu: mwongozo kwa waratibu wa mafunzo Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa mratibu aliyekaa ofisini Arusha au Moshi huku maafisa wake wametawanyika Longido, Loliondo, Simanjiro, Same na Rombo. Kuwaita wote ukumbini kwa siku tatu kunakula nauli, malazi na posho, na kunaacha vituo bila mtu karibu wiki nzima, maana anayetoka Loliondo ana zaidi ya kilomita 300 za kuja na nyingine kama hizo za kurudi. Wakisharudi, makabrasha yanapanda juu ya kabati. Kozi ya mbali iliyopangwa vizuri inafanya jambo ambalo ukumbi hauwezi: afisa anasikiliza somo leo, analijaribu kijijini kesho, na keshokutwa anawaeleza wenzake kilichotokea.

Si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kijitabu chepesi, saa maalumu ya kipindi, na mjadala uliomalizika kwa uamuzi: tuchimbe choo, tufyeke majani yanayozunguka nyumba, tufukie madimbwi. Weka simu mahali pa redio. Hayo manne mengine hayabadiliki. Kozi nyingi za siku hizi zinakwama kwa sababu zimenunua chombo zikasahau kiongozi wa kikundi na uamuzi wa mwisho.

Hesabu zote hapa ni za kozi ya watu 24, wiki sita, mratibu mmoja na viongozi wanne wa vikundi. Wakizidi 60, gawa kozi mbili.

Hatua ya 1: Anzia kituo cha mbali kabisa

Wiki tatu kabla ya kuanza, mpigie kila mshiriki simu ya kawaida. Usitume fomu ya kujaza mtandaoni: watakaoijaza ni wale wenye mtandao mzuri, na utaishia kuamini kwamba wote wanao. Muulize haya:

– Simu ni ya aina gani, na nafasi iliyobaki ndani yake ni kiasi gani?
– Ni yako peke yako, au mtoto na mwenzako nao wanaitumia?
– Kituoni, laini ipi inashika, na unasimama wapi ili ishike?
– Unachaji wapi na saa ngapi?
– Siku ya mnada ni ipi, na siku gani huwa uko barabarani?
– Ukisoma maelezo marefu, Kiswahili au Kiingereza ndicho kinachokuingia haraka?

Swali la laini lina uzito kuliko linavyoonekana. Ofisi huwa na mkataba na kampuni moja ya simu, na bando linanunuliwa kwenye laini hiyo. Afisa aliyeko bondeni analiangalia bando linaisha muda bila kuligusa, kwa kuwa laini inayoshika kule ni nyingine. Nunua bando kwenye laini inayoshika kituoni, hata kama mhasibu atanung'unika kidogo.

Baada ya simu, tuma faili mbili za majaribio, moja ya megabaiti 1 na nyingine ya megabaiti 5, umwombe kila mmoja akuandikie saa aliyofanikiwa kuzifungua. Panga majibu kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza. Watatu wa mwisho ndio kipimo cha kozi yako: kisichofika kwao hakitumwi kwa yeyote. Ukianza kuwatengenezea walioko mjini masomo ya video na wengine maandishi, ndani ya wiki mbili utakuwa na kozi mbili, na ile ya vijijini itaonekana ya daraja la pili.

Hatua ya 2: Chagua kazi, usichague mada

"Usimamizi wa miradi ya maji" ni mada, haina mwisho. "Ifikapo wiki ya sita kila afisa awe amekagua vichujio vitatu vya kuondoa floridi (madini ya majini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi), ameandika kipi kinafaa na kipi kibadilishwe mkaa unaochuja, na amekaa na kamati kupanga nani atabadilisha" ni kazi. Sentensi ya aina hiyo ikishaandikwa, chukua kila somo ulilopanga na uulize: bila somo hili, kazi ingeshindikana? Kama isingeshindikana, litoe. Utatoa mengi, hasa yale ya nadharia yaliyonakiliwa kutoka kozi ya mfadhili.

Kozi za bure za mashirika ya kimataifa, kama zile za FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) au za jukwaa la Kaya kwa wafanyakazi wa misaada, ni hazina, lakini usiwatupie watu 24 kiungo na kuwaambia wajisomee. Mpe afisa mmoja mwenye mtandao mzuri aisome kozi nzima, arudi na kurasa mbili za Kiswahili zenye mambo ambayo yanafaa wilaya zenu tu. Kazi hiyo mhesabie kama kazi ya ofisi.

Hatua ya 3: Tengeneza kifurushi cha wiki

Kila wiki mshiriki apokee kifurushi kimoja: sauti mbili za dakika tano, karatasi moja ya PDF yenye kurasa mbili, picha zisizozidi nne, na kazi moja ya kufanya. Sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, mono (mkondo mmoja wa sauti), inachukua megabaiti 1.2 kwa dakika tano. Ukijumlisha PDF ya nusu megabaiti na picha nne za kilobaiti 200, kifurushi hakifiki megabaiti 4. Kitafika hata pale ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Kurekodi hakuhitaji studio. Gari lililoegeshwa kivulini, vioo vimepandishwa, ni chumba kizuri kuliko ofisi yenye kuta za saruji zinazorudisha mwangwi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati. Ishike umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isipige kipaza sauti. Andika unachosema kwanza: maneno 500 yanatosha dakika tano kwa mwendo wa kuongea na mtu. Usisome kama taarifa ya habari. Taja mwanzoni namba ya wiki na namba ya somo, kwa sababu sauti ikishahamishwa kwenye simu nyingine jina lake hupotea.

PDF isomwe kwenye simu, si kwenye karatasi ya A4. Tengeneza ukurasa wa A5 wenye herufi za ukubwa wa 14 na safu moja. Majedwali yenye safu sita hayasomeki bila kuvutavuta kwa vidole, na msomaji anaacha. Picha iwe na upana wa pikseli 1200. Ikiwa picha ina maandishi madogo, kama namba za kipimo, itume kama hati, si kama picha, maana WhatsApp hubana picha na kuzitia ukungu.

Faili zipewe majina yanayojieleza: W3_S1_rangi-ya-mkaa_toleo2. Faili inayoitwa "mwisho" au "mwisho kabisa" itakusumbua baada ya mwezi mmoja, utakapokuwa na "mwisho kabisa mpya".

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Simu imejaa, faili haishuki, mshiriki anaona aibu kusema. Ujumbe wa grupu umewekwa kujifuta baada ya siku 7, na somo la wiki ya kwanza halipo linapohitajika wiki ya tatu. Hakikisha mpangilio huo umezimwa siku ya kufungua grupu. Mtu amebadilisha simu bila kuhifadhi mazungumzo, kila kitu kimekwenda. Kwa hiyo weka kifurushi hichohicho kwenye fleshi au kadi ya kumbukumbu na uikabidhi kwa gari la mradi linapokwenda kituoni. Pasipo na gari la mradi, bahasha kwa basi inafika. Andika namba ya basi, saa ya kuondoka, na jina la atakayepokea, kisha mpigie kabla basi halijafika, si baada.

Hatua ya 4: Vikundi vya watu sita, na kiongozi anayejua kunyamaza

Grupu moja la watu 24 linakuwa uwanja wa salamu, matangazo ya misiba, jumbe za dini na biashara ya vitenge. Hakuna ubaya katika hayo, ila somo linazikwa. Fungua aina tatu. Grupu kuu la wote, ambalo wasimamizi pekee ndio wanaotuma: vifurushi na matangazo ya kozi. Makundi manne ya watu sita, ambako kazi inafanyika. Na grupu la baraza la salamu, pongezi na pole. Ukilifungua hilo mapema, mengine yatakaa safi bila wewe kugombana na mtu.

Changanya vituo ndani ya kikundi. Wa Hai na wa Longido wakikaa pamoja, mmoja ana mfereji wa mgomba na mwingine ana lambo la mifugo. Hapo ndipo maswali mazuri yanatoka. Usiweke bosi na walio chini yake kwenye kikundi kimoja kama unaweza kukwepa.

Viongozi wa vikundi wafundishwe siku moja ana kwa ana kabla ya kozi. Kazi yao si kufundisha. Ni kufuatilia nani hajasikika siku tatu, kumpigia, kukusanya kazi, na kuuliza swali la pili pale jibu linapokuwa fupi. Kiongozi anayejibu kila swali yeye mwenyewe anaua kikundi kabla ya wiki ya tatu.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya nje hailitaji. Kijana aliyeajiriwa juzi hatamsahihisha hadharani mzee mwenye miaka 20 kazini, hata akiona kosa waziwazi, na hilo ni adabu, si woga. Usimlazimishe. Kiongozi awaombe wadogo watangulie kutuma majibu na wakubwa wafuate. Swali lenye ncha litumwe kwa kiongozi faraghani, naye aliweke kikundini bila jina: "Kuna aliyeuliza kama kichujio kinaweza kuwa kimechoka ingawa maji yanatoka safi. Mzee wetu wa Siha, na dada wa Mwanga, mnasemaje?" Mzee anaheshimiwa, swali limefika.

Hatua ya 5: Ratiba inayoheshimu wiki ya watu

Jumatatu saa 12 asubuhi kifurushi kinatumwa, kabla watu hawajapanda pikipiki kuelekea vijijini na mtandao kuwapotea. Jumanne na Jumatano ni za kufanya kazi kijijini. Jumatano saa 2 usiku kuna mazungumzo ya simu ya dakika 40 kwa kila kikundi. Kazi iwasilishwe Alhamisi saa 12 jioni. Ijumaa saa 3 asubuhi kiongozi anatuma muhtasari wa nusu ukurasa, basi.

Mwisho wa kazi umewekwa Alhamisi kwa makusudi. Ijumaa mchana kuna swala. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi Jumamosi jioni Wasabato wamepumzika, na Upareni hao si wachache. Jumapili ni ibada na familia. Ukipanga mwisho wa kazi Jumamosi usiku utakuwa umewaondoa watu bila kujua. Mwezi wa Ramadhani sogeza mazungumzo hadi saa 3:30 usiku. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara na mtandao vyote vinasumbua kwa pamoja. Kama una uchaguzi, anza kozi Juni.

Mazungumzo yawe ya sauti tu. Sauti kwa kilobiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 45 kwa saa. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula 450, mara kumi. Simu ya kikundi ya WhatsApp inachukua hadi watu 32, inatosha. Ukitumia Zoom bila malipo, kikao cha kikundi kinakatika dakika ya 40, na Google Meet dakika ya 60. Salamu zitachukua dakika tatu au nne, ziache zichukue. Kuanza na "tuingie kwenye ajenda" kabla ya kujuliana hali kunawafanya watu wakae kimya nusu saa nzima.

Kiongozi awe na orodha ya majina kwenye karatasi na aite mmoja mmoja. Ukisema "nani ana mchango?" utasikia kuku wa jirani. Ukisema "Mama Neema, kichujio cha pili kilikuwaje?" utapata jibu. Anayekatika asisubiriwe; aandikwe, apigiwe simu ya kawaida baada ya kikao kwa dakika tano.

Wiki ya tatu kwa karibu: rangi ya mkaa wa mifupa

Ili ionekane maarifa yanavyopita kutoka mtu hadi mtu, chukua somo moja. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni miamba ya volkano, na maji ya sehemu nyingi yana floridi kupita kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto yanageuka kahawia, na ikizidi sana mifupa inakakamaa. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floridi inabaki. Njia iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Karatasi ya somo inasema mifupa ichomwe kwa hewa kidogo, nyuzi joto 400 hadi 500 za Selsiasi. Kijijini hakuna anayepima nyuzi. Kinachomwongoza mchomaji ni rangi na harufu: mkaa mweusi au wa kijivu iliyokolea unafaa, wa kahawia haujaiva, utatia maji harufu na ladha, mweupe umeungua kupita kiasi na umepoteza nguvu ya kushika floridi. Maarifa haya yako kichwani mwa watu wachache na hayahami kwa maneno, kwa sababu "kijivu" ya mmoja ni "nyeupe" ya mwingine.

Kwa hiyo kazi ya wiki iwe hivi. Kila mshiriki achukue kiganja cha mkaa kutoka kichujio anachokagua, aumwage juu ya karatasi nyeupe ya A4, aweke sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa wa chembe uonekane. Apige picha kivulini, saa 4 asubuhi, bila flashi. Karatasi nyeupe ndiyo siri: kamera ya simu hubadilisha rangi kulingana na mwanga, lakini karatasi ikionekana ya njano kwenye picha, unajua na mkaa nao umetiwa njano. Kisha arekodi sauti ya dakika mbili: unanukaje ukilowa, chembe zinavunjika kwa kidole au hazivunjiki, kichujio kina umri gani, kaya hutumia ndoo ngapi kwa siku.

Kikundi kinapanga picha sita kutoka nyeupe hadi kahawia na kubishana. Ubishi huo ndio somo. Mwisho wa wiki mratibu anaunganisha picha 24 kwenye ukurasa mmoja wenye majibu yaliyokubaliwa, na ukurasa huo unachapwa kwa rangi steshenari na kupelekwa kila kituo.

Tahadhari mbili ziwe ndani ya kifurushi. Kwanza, mkaa uliochoka haujulikani kwa macho wala ulimi. Floridi haina ladha, na maji yanaweza kutoka safi kabisa huku kichujio hakishiki kitu. Lazima sampuli ipimwe, na ibebwe kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu floridi humenyuka na kioo. Pili, watu watauliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje. Wapo watakaokataa maji yale kwa imani yao, na hoja za kemia hazitawageuza. Waulize washiriki walijibuje kwenye mikutano ya vijiji, wapi majibu yalikubalika na wapi hayakukubalika, na mifupa ilitoka machinjio ipi. Hilo hulipati kwenye kitabu chochote cha mafunzo, na kwa maoni yetu lina thamani kuliko hesabu ya nyuzi.

Hatua ya 6: Vikao viwili vya kubadilishana

Cha kwanza ni kabla ya kazi: afisa mwenye tatizo anaomba msaada wa wenzake. Saa moja, imegawanywa kwa ukali. Dakika 10 anaeleza tatizo. Dakika 15 wenzake wanauliza maswali tu. Anayeanza kushauri anakatizwa. Dakika 25 wanashauri huku mwenye tatizo anaandika na hajitetei. Dakika 10 anasema atajaribu lipi na lini. Kinachoharibu kikao hiki ni kushauri mapema: mtu wa Same anaagiza dawa ya tatizo la Same wakati tatizo ni la Longido.

Cha pili ni baada ya kazi, ndani ya siku mbili, kabla watu hawajasahau. Jeshi la Marekani lilianza kukitumia miaka ya 1970, na maswali yake ni manne: Tulitarajia nini? Kilitokea nini? Kwa nini vilitofautiana? Mara nyingine tufanye nini? Watu hukimbilia la nne. Wazuie kwenye la tatu, nusu ya muda iishie hapo. Mkuu wa mradi azungumze wa mwisho. Akianza yeye, wengine wataunga mkono hoja na kikao kitakuwa kimekwisha.

Hatua ya 7: Andika kurasa mbili, ziwekwe mahali zinapopatikana

Sauti za kwenye grupu ni maarifa yaliyomwagika. Baada ya mwezi hakuna atakayezitafuta. Kila jambo lililothibitika liandikwe kwenye karatasi ya kurasa mbili, isizidi. Kichwa kiwe swali ambalo afisa mgeni angeuliza: "Nitajuaje mkaa umeungua kupita kiasi?" Chini yake: mahali na mazingira, kilichofanyika hatua kwa hatua, vipimo na gharama, kilichoshindikana na sababu, cheo na ofisi ya kuuliza zaidi, tarehe, na tarehe ya kuipitia tena. Sehemu ya kilichoshindikana huachwa tupu kila mara. Karatasi isiyo nayo irudishwe kwa mwandishi.

Hifadhi kwenye folda moja ya mtandaoni yenye orodha ya jedwali, na nakala kamili kwenye fleshi ya kila kituo, inayobadilishwa kila robo mwaka gari linapopita. Kama una kozi nyingi na unahitaji vyeti na alama, Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, haina ada ya leseni na programu yake ya simu inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila mtandao; ila inataka mtu wa kuitunza. Kwa kozi moja ya watu 24 ni mzigo.

Usisahau sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kuingiza mtu kwenye grupu ni kuwapa wengine namba yake, kwa hiyo omba ridhaa kwanza. Picha zenye sura za watoto, majina ya wagonjwa, orodha za kaya: havitumwi kikundini. Piga picha mikono, vifaa, maji.

Hatua ya 8: Bando, posho na barua ya bosi

Hesabu ya wiki: kifurushi megabaiti 4, simu ya dakika 40 megabaiti 30, picha na sauti za kikundi kama 6. Jumla 40. Hata hivyo mpe kila mshiriki megabaiti 250, kwa sababu simu yenyewe inakula: programu zinajisasisha, video za makundi mengine zinashuka zenyewe. Siku ya kwanza wafundishe kuzima vitu hivyo viwili. Bando litolewe kila wiki, si kwa mkupuo. Likitolewa la wiki sita mara moja litaisha wiki ya pili.

Posho ni suala la kusema wazi mapema. Watu wamezoea mafunzo yenye posho, na kozi isiyo nayo inasikika kama kazi ya ziada. Lipa bando, lipa dakika za viongozi wa vikundi, lipa nauli na chakula cha siku mbili za kukutana, ya kwanza na ya mwisho. Boma Ng'ombe au Usa River pako kati ya Arusha na Moshi, hakuna upande unaonung'unika. Usilipe posho ya kusikiliza somo; ukianza, utalipia hadi sauti ya dakika tano.

Badala yake tafuta kitu kimoja chenye nguvu kuliko posho: barua ya msimamizi wa kila mshiriki, yenye sahihi, inayosema saa tatu kwa wiki ni saa za kazi. Maafisa wa halmashauri ipitie kwa mkurugenzi wao. Pasipo barua hiyo mshiriki atatumwa kwingine kila Jumatano, naye hatakuwa na la kusema.

Hatua ya 9: Kufunga

Cheti apewe aliyewasilisha kazi tano kati ya sita na karatasi moja ya kurasa mbili. Mahudhurio peke yake hayatoshi.

Wiki ya sita ikiisha, toa nakala ya mazungumzo ya kila kikundi bila picha, ihifadhi siku 30 kwa ajili ya kuandika karatasi zilizobaki, kisha ifute pamoja na makundi yenyewe. Grupu la baraza liache, watu wameshazoeana. Siku ya 90 wapigie washiriki wote, simu ya kawaida, maswali matatu: umebadilisha mkaa wa vichujio vingapi, nani alikusaidia ulipokwama, na karatasi gani uliitafuta hukuipata. Jibu la tatu ndilo orodha ya masomo ya kozi inayofuata.